Namna ya Kuandika Jinsi Wahakiki Walivyoipokea Albamu ya Kwanza ya Rapa

Katika kazi yangu ya uhariri, hakuna sentensi ninayoifuta mara nyingi kama hii: "Albamu hiyo ilipokelewa vizuri na wahakiki." Vijana wanaoniletea wasifu wa marapa huiandika kwa nia njema, wakaweka nukta, kisha wakarukia idadi ya nakala zilizouzwa. Mimi huizungushia wino mwekundu na kuuliza pembeni: wahakiki gani, lini, walisifu nini, na nani alikataa? Mwandishi akiweza kujibu hayo manne, sentensi yenyewe haina kazi tena. Akishindwa, najua hakusoma uhakiki hata mmoja. Alisoma alama tu.

Mapokezi ya albamu ni mabishano ya watu wenye majina, waliokuwa mahali fulani wakati fulani, kila mmoja na sababu zake. Anayeandika wasifu, makala ya jarida au sura ya tasnifu ana jukumu la kuyasimulia mabishano hayo kwa haki. Ninavyoifanya kazi hiyo mimi ni hivi.

Hakikisha kweli ni albamu ya kwanza

Unaweza kudhani hili ni jambo dogo. Kwenye rap si dogo, kwa sababu marapa huingia sokoni kwa milango mingi. Chance the Rapper alitoa Acid Rap mwaka 2013 na Coloring Book mwaka 2016, zote zikiitwa mikstepu, yaani mikusanyo ya nyimbo isiyohesabiwa kuwa albamu rasmi, na hiyo ya pili ikanyakua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rap mwaka 2017. Ndipo mwaka 2019 ikaja The Big Day, ikatangazwa kuwa albamu yake ya kwanza. Mhakiki aliyeketi kuisikiliza hakuwa anakutana na mgeni. Alikuwa na miaka ya matarajio kichwani, na ubaridi wa mapitio mengi ulitokana na matarajio hayo pamoja na nyimbo zenyewe. Ukiacha kulieleza hilo, msomaji atafikiri ni chipukizi aliyejikwaa mlangoni.

Eminem naye ana Infinite ya mwaka 1996, iliyopita kimya kimya, lakini watu wengi huanza kumhesabia kwenye The Slim Shady LP ya 1999. Kendrick Lamar alitoa Section.80 mwaka 2011, mwaka mmoja kabla ya good kid, m.A.A.d city iliyotoka chini ya lebo kubwa, yaani kampuni kubwa ya muziki. Wapo pia wanaotoka kwenye makundi: Professor Jay alikuwa ameshasikika na Hard Blasters kabla ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, na Lauryn Hill alikuwa ameshatamba na Fugees kabla ya The Miseducation of Lauryn Hill ya mwaka 1998.

Kwa hiyo taja aina ya "kwanza" unayoizungumzia: ya kwanza chini ya lebo kubwa, ya kwanza akiwa peke yake, ya kwanza baada ya mikstepu kadhaa. Kisha angalia wahakiki wenyewe waliihesabuje. Kama wao waliichukulia kuwa kazi ya mtu mzoefu, usiwageuze kuwa mashahidi wa kuzaliwa kwa nyota.

Tenga mafungu mawili kabla ya kuandika neno lolote

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua Illmatic ya Nas, iliyotoka Aprili 1994. Jarida la The Source liliipa maiki tano, alama ya juu kabisa ambayo halikuwa likiigawa ovyo. Uhakiki huo uliandikwa na Minya Oh, akitumia jina la Shortie. Hiyo ni sauti ya mwaka 1994, tena kutoka ndani ya hip-hop. Lakini sokoni albamu ilikwenda taratibu, ikafikia daraja la dhahabu, yaani nakala 500,000, mwaka 1996. Jarida la Rolling Stone lilipotoa orodha yake ya albamu 500 bora mwaka 2003, Illmatic ilikuwa huko nyuma karibu na nafasi ya 400. Orodha ilipopigiwa kura upya mwaka 2020, ikaruka hadi ya 44. Mwaka uliofuata Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza kwenye rejista ya rekodi za taifa zinazostahili kuhifadhiwa.

Albamu haikubadilika hata sekunde moja. Ni ileile ya vipande kumi na dakika kama 40. Waliobadilika ni wapiga kura. Ya Lauryn Hill ilipanda vivyo hivyo kwenye orodha hiyohiyo, kutoka nafasi ya 312 hadi ya 10. Sasa nikiona mtu ameandika kwamba "mwaka 1994 wahakiki waliitambua Illmatic kuwa miongoni mwa albamu 50 bora za wakati wote," najua amechota maji ya 2020 akayamimina kwenye mtungi wa 1994.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Gawa karatasi mara mbili. Kushoto weka yote yaliyoandikwa katika miezi michache ya mwanzo, kulia weka yaliyokuja baadaye: orodha za muongo, makala za kumbukumbu ya miaka kumi au ishirini, alama zilizorekebishwa. Kila kipande kiandikie tarehe, jina la mwandishi na jina la chombo. Kipande kisicho na tarehe kisubiri nje mpaka kiipate.

Alama hurekebishwa kweli. The Source iliipa Reasonable Doubt ya Jay-Z maiki nne ilipotoka mwaka 1996, na baadaye ikaipandisha hadi tano. Tovuti ya muziki ya Pitchfork nayo mwaka 2021 walirudi nyuma wakabadilisha alama za albamu kadhaa walizokuwa wamezihukumu zamani. Ukikuta sehemu moja inasema nne na nyingine tano, usidhani mmoja amedanganya. Uliza tarehe. Nyota njema huonekana asubuhi, lakini wahakiki wengine huamka mchana, na msomaji wako anastahili kujua nani aliiona saa ngapi.

Soma uhakiki wote, hadi mwisho

Sentensi ya kwanza na ya mwisho hazitoshi. Mhakiki mzuri wa rap huficha shaka zake katikati, baada ya sifa. Mimi husoma nikitafuta mambo matatu: anasifu kitu gani hasa, analalamikia kipi, na anailinganisha albamu na nini. Hilo la tatu ndilo watu husahau, na kwa albamu ya kwanza ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu rapa hana albamu yake ya nyuma ya kupimwa nayo. Lazima apimwe kwa kitu kingine.

Mara nyingi kitu hicho ni mlezi wake. Snoop Doggy Dogg alipotoa Doggystyle mwishoni mwa mwaka 1993, hakuna aliyeisikiliza bila kuikumbuka The Chronic ya Dr. Dre, iliyotoka mwaka mmoja kabla, ambamo Snoop alikuwa amejaa kila kona. Mtayarishaji alikuwa yuleyule. Kwa hiyo swali la wahakiki halikuwa tu kama kijana anajua kuchana, bali kama hii ni albamu yake au ni sehemu ya pili ya ile nyingine. Mara nyingine kipimo ni mikstepu zilizompa jina, au mji anakotoka, au zile singo mbili zilizotangulia na kuchosha masikio kabla albamu haijafika.

Kisha tenganisha sifa za mistari na sifa za midundo. Mtu akisema albamu "inasikika vizuri," huenda anamsifu prodyuza. Illmatic ilikuwa na watayarishaji kadhaa, DJ Premier, Large Professor, Pete Rock, Q-Tip na L.E.S., na kwa upande wa marapa wageni ilikuwa na AZ peke yake. Anayeisifia kwa midundo na anayeisifia kwa usimulizi wanasifu watu tofauti, hata kama alama zao zinafanana. Albamu za kwanza za siku hizi, zenye kolabo nyimbo kwa nyimbo, zinakudai uangalifu zaidi. Kuna mapitio ambayo ukiyasoma vizuri unagundua mhakiki alimpenda mgeni wa wimbo wa nne kuliko mwenye nyumba.

Malalamiko nayo yana ukoo wake. Ni ndefu mno. Vichekesho vya katikati vinakata mwendo, lalamiko ambalo hata The College Dropout ya Kanye West haikulikwepa pamoja na sifa zote ilizopata mwaka 2004. Viitikio vimelengwa redioni. Rapa ana vina lakini hana la kusema. Ukiona lalamiko moja limerudiwa na watu watatu wasiofahamiana, hilo ni la kuandikwa, tena mapema.

Kuna aina moja ya lawama ambayo huwa naiweka peke yake: lawama ya maadili. Doggystyle ilishambuliwa kwa namna inavyowazungumzia wanawake. The Slim Shady LP ilipotoka, Timothy White, mhariri mkuu wa jarida la muziki la Billboard, aliandika tahariri ya kuikemea. Tahariri si uhakiki, ingawa inaweza kuwa na nguvu kuliko mapitio kumi. Ieleze kama ilivyo. Usiichanganye na hoja za vina na midundo, na usiifiche eti kwa sababu wewe ni shabiki. Msomaji asiyeambiwa kwamba albamu ilizua ugomvi ameibiwa nusu ya habari.

Alama: zitumie, lakini jua zimepikwaje

The Source wanatoa maiki, juu kabisa tano. Jarida la XXL wanatumia saizi za nguo, kutoka S hadi XXL, jambo ambalo bado linanichekesha. Pitchfork wanakwenda kutoka 0.0 hadi 10.0. Mhakiki Robert Christgau, aliyeanza safu yake ya mwongozo wa wanunuzi mwaka 1969, alitumia herufi kama mwalimu wa shule, akaongeza na vialama vyake vya mkasi na bomu. Anthony Fantano, mhakiki wa YouTube, hupima kwa kumi kwenye video, na The Big Day niliyoitaja juu aliipa sifuri.

Sasa anakuja Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001, na kuzigeuza zote kuwa nambari moja kati ya 0 na 100. Hapo fungua macho. Herufi A inageuzwa kuwa 100, B kuwa 75, C kuwa 50. Nyota tatu kati ya tano zinakuwa 60. Uhakiki usio na alama yoyote unasomwa na wafanyakazi wa tovuti, nao wanaupa nambari wanayoona inaufaa. Kisha wastani unaotolewa si wastani wa kawaida: vyombo vingine vina uzito kuliko vingine, na uzito huo hautangazwi. Mwishoni inabandikwa lebo ya maneno. Kwenye muziki, kuanzia 61 mapokezi yanaitwa mazuri kwa jumla, na kuanzia 81 yanaitwa sifa za wote.

"Sifa za wote" kwa 81! Albamu inaweza kufika hapo huku wahakiki wawili wakiwa wameikunjia uso. Ndiyo maana siruhusu lebo hiyo iingie kwenye makala kana kwamba ni kauli ya wahakiki. Ni kauli ya kikokotoo. Ukitaka kuitumia nambari, andika ni ya nani, imetokana na mapitio mangapi, na uliitazama lini, kwa sababu huongezeka au kupungua mapitio mapya yanapoingizwa. Sentensi moja inatosha, na isiwe ya kwanza kwenye aya.

Angalia pia mtawanyiko. Albamu mbili zinaweza kuwa na 72 kila moja: moja kila mhakiki aliiona ya kawaida, nyingine nusu waliipenda sana na nusu waliichukia. Hadithi zake hazifanani hata kidogo, na ya pili ndiyo tamu kuisimulia.

Mauzo na tuzo ni habari nyingine

Hili nitalipita haraka. Doggystyle iliingia moja kwa moja namba moja Marekani, lakini The Source waliipa maiki nne, si tano. To the Extreme ya Vanilla Ice ilikaa kileleni wiki 16 kuanzia mwaka 1990, na hakuna anayeikumbuka kwa sifa za wahakiki. Upande wa pili, Speech Debelle alishinda tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2009 kwa albamu yake ya kwanza, Speech Therapy, na mauzo hayakumfuata. Majaji wa tuzo wana utaratibu wao, wanunuzi wana pochi zao. Wape kila mmoja aya yake.

Kuna nafasi moja tu ninayoruhusu vikutane: tuzo inapokuwa imetolewa na jopo linalojumuisha wahakiki, au inapobadilisha namna walivyoandika baadaye. Dizzee Rascal alipopewa Mercury mwaka 2003 kwa Boy in da Corner akiwa na miaka 18, waandishi ambao hawakuwa na habari na grime, rap ya mitaa ya London, ilibidi waitafute. Kura ya wahakiki ya Pazz & Jop ya gazeti la Village Voice, iliyoiweka The College Dropout juu kabisa kwa mwaka 2004, hiyo ni mapokezi ya wahakiki halisi. Itumie bila wasiwasi.

Nani anaongea?

Usiweke mhakiki wa gazeti la kila siku na mwandishi wa jarida la hip-hop kwenye kapu moja bila kusema. Mmoja anawaeleza watu wasioijua fani, mwingine anabishana na wanaoijua kuliko yeye. Wakitofautiana, tofauti hiyo yenyewe ni habari.

Chunguza pia mahusiano. The Source ilianzishwa mwaka 1988 na wanafunzi wa Harvard, David Mays na Jon Shecter, ikawa kama mahakama ya hip-hop. Mwaka 1994 sehemu kubwa ya wahariri, Shecter akiwemo, waliondoka baada ya Mays kuingiza makala kuhusu kundi la rap alilokuwa na ukaribu nalo bila wao kujua. Maiki zilizotolewa kabla na baada ya hapo hazikupoteza thamani zote, lakini msomaji makini huzisoma akijua. Fanya hivyohivyo kwa chombo chochote unachokinukuu: kinamilikiwa na nani, na mhakiki ana undugu wowote wa kikazi na lebo?

Na maoni ya mashabiki? Hayo si uhakiki. Yanaingia tu pale mhakiki mwenyewe alipoyajibu.

Kuandika aya yenyewe

Anza na hoja, majina yafuate. Aya mbovu huwa orodha ya foleni: fulani alisema hivi, fulani naye akasema hivi, fulani pia. Hebu tuchukue albamu ya kufikirika. Toleo la kwanza lililofika mezani lingekuwa hivi:

"Albamu ilipata mapitio mazuri. Jarida la kwanza liliipa 8 kati ya 10. Gazeti la pili liliipa nyota 4. Jarida la tatu liliipa nyota 3."

Toleo ninalolitaka ni hili:

"Karibu kila aliyeiandikia albamu hiyo ilipotoka alisifu usimulizi wake, hasa nyimbo mbili za mwisho. Ugomvi ulikuwa juu ya urefu. Mwandishi wa jarida la hip-hop aliona nyimbo 19 ni ushahidi wa rapa mwenye mengi ya kusema, ilhali gazeti la kila siku liliona ni kazi ya mtu aliyeshindwa kuchagua, na likaipa nyota tatu kwa sababu hiyo. Miaka kumi baadaye, makala za kumbukumbu zilirudi kwenye usimulizi na hazikugusa tena urefu."

Msomaji sasa anajua albamu ina nini hata kama hajaisikiliza. Alama imebaki moja, tena imefungwa na sababu yake.

Linda uwiano. Mapitio tisa ya sifa na moja la kuponda hayafanyi mapokezi kuwa "mchanganyiko." Lipe hilo la kuponda sentensi yake, sema sababu, songa mbele. Likiwa limejenga hoja bora kuliko yale tisa, na hutokea, lipe sentensi mbili. Vitenzi vichague kwa mizani: "alidai" inamtilia mtu shaka, "alibainisha" inampa ushindi, "aliandika" haina upande. Nukuu iwe fupi, ya maneno ambayo huwezi kuyasema vizuri zaidi kwa kauli yako.

Usiandike "wengi" kabla ya kuhesabu. Usiandike "inachukuliwa kuwa" bila kumtaja anayeichukulia hivyo.

Na ukikuta albamu ina mapitio mawili tu? Hata Metacritic haitoi wastani mpaka yafike manne. Andika hayo mawili kwa kirefu, kila moja na hoja yake, useme wazi kwamba ni mawili, na usiyaite "wahakiki" kana kwamba ni umati. Aya ya watu wawili waliosikiliza vizuri naipitisha bila kalamu nyekundu.